Kabla hujafunga mkanda: namna ya kumpima mwalimu wa karate, taekwondo au jiujitsu

Kwa miaka mitatu nililipa ada ya mwezi, ada ya mtihani, bei ya mkanda na bei ya cheti katika dojo moja (ukumbi wa mazoezi) ya karate jijini Dar es Salaam. Nilipanda kutoka mkanda mweupe hadi wa kahawia, unaotangulia mweusi, bila kufeli mtihani hata mmoja, na sikuwahi kumwona mwenzangu akifeli. Mwaka wa tatu rafiki yangu akanialika kwenye mazoezi ya judo. Nikapangiwa binti wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye mkanda wa chungwa, wa ngazi za chini. Akanishika sare, nikajaribu yale niliyofundishwa, mara nikaona dari. Tukarudia mara nne, na mara zote nne nilitua mgongo. Aliniuliza kwa upole kama nimeumia, akanipa mkono nikainuka. Mgongo ulipona kesho yake. Uchungu wa ile miaka mitatu ulikaa nami muda mrefu zaidi.

Naandika kwa ajili ya mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe, kwa mtu mzima anayetafuta mahali pa kujifunza, na kwa yule ambaye tayari yuko ndani na moyo umeanza kusita. Swali linalobeba mwongozo mzima ni hili: je, yupo mtu asiyemtegemea mwalimu huyu kwa lolote, anayeweza kuthibitisha au kukanusha anachodai? Asipokuwepo, kila unachokiona pale, kuanzia mikanda na vyeti hadi picha ukutani, ni maneno ya mtu mmoja.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Kuna anayetaka kupunguza uzito, kuna anayetaka mashindano, kuna anayetaka kujilinda, na kuna mzazi anayetaka mtoto ajifunze adabu na kujiamini. Mahali panapofaa kwa mmoja panaweza kumpotezea muda mwingine. Klabu nzuri ya kata, yaani miondoko ya mapigo iliyopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, yenye mwalimu mkweli, si ya kubeza hata kama haifundishi kupigana. Kosa linaanza pale inapokuuzia kata ikakuambia umenunua uwezo wa kumnyang'anya mtu panga. Andika lengo lako kwenye karatasi kabla hujakutana na mwalimu, maana baadhi yao wana ulimi wa kukubadilishia lengo ndani ya dakika kumi.

Hatua ya 2: Nenda ukatazame, na utazame jambo moja

Omba kukaa pembeni ukaangalie kipindi kizima. Ukikataliwa kwa kuambiwa kwamba mbinu ni za siri, aga kwa heshima uondoke. Makocha wa ndondi, judo na taekwondo wanafanya mazoezi watu wakiwaangalia madirishani, na wala hawajapungukiwa na kitu.

Ukishakaa, usivutiwe na mateke ya juu wala kelele za pamoja. Wengi wetu tuliyajua mambo haya kupitia vibanda umiza, tukiwa watoto tumebanana kwenye mabenchi mbele ya runinga moja. Macho yetu yamezoea kupenda kile kinachopendeza. Tafuta jambo moja tu: wanafunzi wanafanyiana upinzani wa kweli?

Kuna zoezi utalikuta karibu kila mahali. Mmoja anarusha ngumi, kisha anauacha mkono umening'inia hewani. Mwenzake anaudaka, anaupinda, anapiga mapigo matano, anamwangusha. Kama hatua ya kwanza ya kujifunza, zoezi hilo ni halali kabisa. Hata bondia huanza kwa kupiga polepole kwenye viganja vya kocha. Jiulize kinachofuata. Je, baada ya wiki au miezi kadhaa mkono ule unarudishwa haraka kama mkono wa mtu mwenye nia? Je, ngumi ya pili inakuja? Je, anayeshambulia ana ruhusa ya kutoanguka? Katika dojo yangu ya kwanza mtu aliyegoma kuanguka aliambiwa "hashirikiani". Nilisikia neno hilo mara nyingi na sikulielewa. Tulikuwa tunafundishwa kuanguka.

Hapo utasikia utetezi wa zamani kuliko yote: "Mbinu zetu ni za kuua, hatuwezi kuzijaribu kwa wenzetu." Jibu lake limekuwepo kwa zaidi ya karne moja. Jigoro Kano alipoanzisha judo pale Kodokan, Tokyo, mwaka 1882, alizikuta mbinu nyingi za jujutsu, sanaa ya kale ya Kijapani iliyozaa judo, zikiwa za hatari kweli: mapigo, kuvunja vidole, kupinda viungo vidogo. Akazihifadhi zile za hatari katika kata, na zile ambazo watu wanaweza kufanyiana kwa nguvu zote bila kuumizana akazifanya kuwa randori, yaani mapambano huru ya mazoezi. Mtu aliyefanya mtupo mmoja mara elfu moja dhidi ya watu wasiotaka kutupwa anauweza mtupo huo. Aliyefanya pigo la kuua mara elfu moja hewani ana kumbukumbu ya hewa. Nimepita pande zote mbili, na tofauti yake unaisikia mwilini dakika ya kwanza tu.

Basi tafuta randori, kumite, au lolote wanaloliita, mradi pande mbili zinajaribu kushinda na hakuna aliyepangiwa matokeo. Mwangalie na mwalimu. Si lazima apambane. Mwalimu wa miaka sitini mwenye magoti mabovu anaweza kuwa hazina. Lakini kama ana miaka thelathini na tano, ana afya, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumgusa wala kumwona akitoka jasho, uliza kwa nini.

Hatua ya 3: Fuata silsila

Watu wa pwani wana neno zuri kwa jambo hili. Mwalimu wa chuoni anayesomesha Qurani anaweza kukutajia nani alimsomesha, na huyo alisomeshwa na nani, mpaka mbali. Hiyo ni silsila, na mwalimu wa sanaa za mapigano naye awe nayo. Muulize, kwa adabu kabisa:

"Mwalimu, shikamoo. Ninapenda kujua ulifundishwa na nani, wapi, kwa miaka mingapi. Mkanda wako mweusi ulitolewa na chama gani, mwaka gani?"

Mkweli hufurahia swali hili. Utashindwa kumnyamazisha, atakuonyesha picha za zamani, atakutajia na majina ya wenzake walioacha. Nchini kwetu silsila nyingi zinafahamika. Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, ya Dar es Salaam ilipandwa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, pale Zanaki, na wanafunzi wa wanafunzi wake wapo hadi leo. Judo ya Zanzibar imelelewa kwa miaka mingi na mwalimu Mjapani, Tsuyoshi Shimaoka. Anayedai kutoka kwenye mti kama huu atakuwa na ndugu wa mkekani wanaomjua. Watafute, uwaulize.

Mdanganyifu naye ana dalili zake. Mwalimu wake alikuwa mtawa aliyefariki bila kuacha jina. Alisoma China, lakini mji haukumbuki. Alifundisha "vikosi maalumu", lakini ni siri ya serikali. Kila unapotaka kushika kitu, pameteleza.

Halafu fanya hesabu, maana miaka haidanganyiki kirahisi. Taekwondo ya Kukkiwon, makao makuu ya mchezo huo yaliyojengwa Seoul mwaka 1972, ina muda wa chini wa kusubiri kati ya daraja na daraja. Kutoka dan (daraja la mkanda mweusi) ya 1 kwenda ya 2 ni mwaka 1, kwenda ya 3 ni miaka 2, kwenda ya 4 ni miaka 3, na inaendelea kurefuka. Ukijumlisha, dan ya 5 inahitaji angalau miaka 10 baada ya dan ya kwanza, ya 7 miaka 21, ya 9 miaka 38. Kijana wa miaka 32 akijitangaza kuwa na dan ya 8 ya Kukkiwon, hesabu imekwisha kukujibu. Kukkiwon wana kumbukumbu za vyeti vyao, kwa hiyo omba namba ya cheti na uhakiki. Katika jiujitsu ya Kibrazili, kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, humtaka mwenye mkanda wa buluu akae nao kwa kawaida miaka 2, zambarau mwaka mmoja na nusu, kahawia mwaka 1, na hakuna mkanda mweusi chini ya umri wa miaka 19. Huo ni muda wa chini tu. Wengi huchukua kama miaka kumi tangu siku ya kwanza. Aliyeupata mweusi kwa miaka miwili, na hakuna ubingwa wowote mkubwa unaomtangulia, akuonyeshe aliyempa.

Historia nayo ni kipimo. Mikanda hii si ya kale kama tunavyodhani. Kano ndiye aliyeanza kutoa daraja za dan, mwaka 1883. Gichin Funakoshi alitoka Okinawa akaipeleka karate Tokyo mwaka 1922, akaazima mfumo huo kutoka judo, na mikanda myeusi ya kwanza ya karate aliitoa mwaka 1924. China iliweka mfumo wake wa madaraja ya wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina, miaka ya 1990. Anayekuambia dan yake ya kungfu imerithishwa hekaluni kwa miaka elfu moja amechanganya vitabu viwili.

Vyeti vingi ukutani visikutishe. Cheti kinachapishwa stesheneri yoyote, na vipo vyama vya "mabingwa wa dunia" vinavyokuingiza kwenye orodha yao ya heshima ukishalipa. Chicago ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na mtu aliyejiita Count Dante, jina lake halisi John Keehan, aliyejitangaza kwenye magazeti ya katuni kuwa binadamu hatari kuliko wote duniani. Uliweza kuagiza kijitabu chake kwa posta na ukapata kadi ya uanachama. Leo posta imekuwa simu, na biashara ni ileile.

Niseme pia upande wa pili, maana nimeona watu wema wakidhalilishwa kwa jambo hili. Ada ya cheti cha kimataifa hulipwa kwa dola. Wapo walimu Mombasa, Tanga, Bujumbura waliofundisha miaka ishirini kwa mkanda wa kahawia au dan ya kwanza kwa sababu hawakuwa na pesa ya mtihani wa nje, na wanakuambia hivyo bila kuficha. Huyo mpe heshima yake. Mkanda mdogo wenye maelezo yaliyonyooka una thamani kuliko dan ya 10 isiyo na baba wala mama.

Hatua ya 4: Uliza pesa zote kwa mara moja

Usiulize ada ya mwezi peke yake. Uliza gharama kutoka siku ya kwanza hadi mkanda mweusi: mitihani mingapi, kila mmoja shilingi ngapi, sare lazima inunuliwe hapo au popote, kuna semina za lazima, kuna mkataba wa mwaka, na ukiugua inakuwaje. Omba iandikwe.

Kisha uliza swali ambalo mimi sikuuliza: nani alifeli mtihani wa mwisho, na alifeli nini? Klabu nyingine humruhusu mwanafunzi kufanya mtihani pale tu mwalimu anapoona ameiva, kwa hiyo wanaofeli ni wachache. Hilo linaeleweka, na mwalimu atakueleza. Ila kama kila mwenye ada anafanya mtihani kila baada ya miezi mitatu na kila mwenye ada anafaulu, unachonunua ni rangi ya kitambaa.

Kwa watoto uwe makini zaidi. Mtoto wa miaka tisa kupewa mkanda mweusi wa mtu mzima si sifa ya mtoto, ni kasoro ya klabu. Kukkiwon wenyewe huwapa walio chini ya miaka 15 daraja la poom badala ya dan, na mkanda wake ni mwekundu na mweusi. Ukiambiwa mwanao atakuwa na mkanda mweusi "kwa uhakika ndani ya miezi kumi na minane", shika mkono wa mwanao mwende nyumbani.

Hatua ya 5: Madai ya miujiza

Kuna wanaoangusha watu bila kuwagusa, kwa "nguvu ya ndani". Mjapani Yanagi Ryuken alikuwa na wanafunzi waliopeperuka kila alipoinua mkono. Mwaka 2006 akakubali kupambana na mpiganaji asiyekuwa mwanafunzi wake, Iwakura Goh, akapigwa vibaya mbele ya kamera. Aprili 2017, Chengdu, mwalimu wa taichi Wei Lei alimalizwa na mpiganaji Xu Xiaodong kwa sekunde chache. Mei 2020 ikawa zamu ya Ma Baoguo, mwalimu mwingine wa taichi, mzee aliyekuwa anakaribia miaka sabini: aliangushwa mara tatu katika nusu dakika.

Kinachonisumbua katika video hizo ni wale wanafunzi. Hawakuwa waongo. Mtu anayeanguka mara mia kwa sababu kila mwenzake anaanguka, mbele ya mwalimu anayempenda, hufika mahali mwili wake ukaanguka wenyewe. Inaelekea na mwalimu naye aliamini, la sivyo asingekubali kupimwa hadharani. Kwa hiyo usipime dai kwa idadi ya wanafunzi wanaoapa. Mwangalie mgeni. Je, naye anaanguka?

Katika kundi hili naweka pia masomo ya "kumnyang'anya adui kisu kwa sekunde tatu". Fanya jaribio nyumbani: mpe mwenzako kalamu ya wino mzito, uvae fulana nyeupe ya kutupa, umwambie akuchome kama anayetaka kweli, haraka na mara nyingi, na wewe utumie ulichofundishwa. Lindeni macho. Hesabu alama kwenye fulana. Tumeishi na habari za panya road, magenge ya vijana wenye mapanga. Tunajua kijana mwenye panga usiku anafananaje. Mwalimu anayekupenda atakuambia toa simu, toa pochi, kimbia ukipata mwanya, na mbinu zibaki kwa ajili ya pale ambapo hakuna njia nyingine. Anayekutia ujasiri wa kumwendea mwenye panga anacheza na uhai wako, na hapa sina neno laini la kutumia.

Hatua ya 6: Kama ni mtoto

Mzazi aruhusiwe kukaa na kutazama wakati wowote. Kusiwe na mafunzo ya faragha ya mtoto na mtu mzima mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, hata kwa kisingizio cha maandalizi ya mashindano. Watoto wapangwe kwa uzito na umri. Adhabu isiwe kipigo wala kudhalilishwa. Mtoto aliyepigwa kichwani akachanganyikiwa au kutapika asirudi mkekani siku hiyo, apelekwe hospitali. Muulize mwalimu angefanya nini katika hali hiyo. Akijibu "tunamkomaza", umepata jibu.

Hatua ya 7: Usajili

Tanzania Bara klabu na vyama vya michezo husajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Zanzibar ina baraza lake. Kenya, kwa Sheria ya Michezo ya 2013, kuna Msajili wa Michezo. Uliza cheti cha usajili, na uulize chama cha taifa cha mchezo husika kama wanaifahamu klabu. Usajili hauthibitishi ubora wa mafunzo. Unakuambia tu kwamba kuna mlango wa kubisha mambo yakiharibika.

Hatua ya 8: Ukigundua tayari uko ndani

Usimuumbue mwalimu mbele ya wanafunzi, na usiende kumpa changamoto ya ngumi. Pengine naye alidanganywa na aliyemfundisha. Anza kwa kutembelea klabu nyingine, ya mchezo wowote wenye mapambano huru: judo, ndondi, jiujitsu, hata mieleka. Kipindi kimoja kinatosha kukupa picha. Angalia na jinsi mwalimu wako anavyopokea habari hiyo. Wangu alitangaza kwamba atakayeonekana kwingine amejifukuza, na hapo ndipo nilipoamua.

Ukiondoka, lipa unachodaiwa, chukua risiti, usisaini mkataba mpya kwa huruma. Ukiwa na ushahidi wa vyeti vya kughushi au mtoto kuumizwa, peleka kwa chama cha taifa, na kwa polisi pale inapohusu mtoto. Wenzako waliobaki waambie ulichokiona kwa macho yako tu, mmoja mmoja, kisha uwaache wajionee.

Ukifika klabu mpya, acha mkanda wako wa zamani nyumbani. Mweleze mwalimu miaka uliyokaa na ulichofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza. Mimi nilifunga mweupe nikiwa na miaka thelathini na moja. Mwalimu hakuniuliza nilitoka wapi. Alinipeleka pembeni ya mkeka akanifundisha namna ya kuanguka nisiumie, nikafanya hilo tu kwa wiki mbili, na aliyekuwa ananihesabia ni yule binti wa mkanda wa chungwa.